Kompyuta ya nyumbani inajizima na kujiwasha: kumbukumbu ya mradi

Ijumaa usiku

Mashine yenyewe ni dekstopu ya kuunganishwa, kasha refu la chuma, tuliinunua ikiwa imeshatumika. Inakaa sebuleni kwetu Kirumba, Mwanza, na kazi yake kubwa ni video za kwaya. Mdogo wangu anakata picha, anapanga sauti, kisha anaiachia kompyuta itoe faili la mwisho. Hapo ndipo matata yanapoanza. Skrini inakuwa nyeusi ghafla, feni inanguruma, halafu mashine inawaka upya kana kwamba mtu amebonyeza kitufe. Hakuna onyo, hakuna skrini ya bluu ambayo Windows huonyesha ikianguka, na kazi ya jioni nzima imepotea.

Kila aliyesikia ana jibu lake: virusi, RAM (kumbukumbu ya muda), Windows imechoka, piga chini uweke mpya. Mimi sinunui wala sifuti kitu kabla ya kujua mashine inazimika kwa namna gani. Nimeweka daftari mezani. Tunaandika saa, ilikuwa inafanya nini, na taa za nyumbani zilikuwa na nguvu au zimefifia.

Jumamosi

Windows ikipatwa na hitilafu kubwa imepangwa tangu kiwandani ijiwashe upya yenyewe, kwa hiyo skrini ya bluu inaweza kupita kabla jicho halijaisoma. Nimeingia kwenye mipangilio ya ndani ya mfumo nikaondoa tiki ya kujiwasha yenyewe. Kama kosa ni la draiva, ile inayoendesha kifaa, au la programu nyingine, sasa skrini ya bluu itabaki pale hadi niisome.

Jioni imezimika tena na bluu haikuonekana. Folda ya Minidump, Windows inapoweka ripoti za kuanguka, haina faili jipya. Kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, kuna tukio la Kernel-Power namba 41, na ndani ya maelezo yake BugcheckCode, yaani namba ya kosa, ni 0.

Wengi hupotelea hapa. Hiyo 41 si jina la ugonjwa. Windows huiandika baada ya kuwaka tena, ikigundua kwamba mara iliyopita haikuzimwa kwa utaratibu. Mtu akikuambia "nina kosa 41, ninunue nini?" hajakuambia lolote zaidi ya kwamba kompyuta ilizimika. Chenye uzito ni ile sifuri. Mfumo ungeanguka wenyewe, kwa kawaida ungeacha namba ya kosa. Sifuri inaonyesha haukupata hata nafasi ya kuandika: umeme ulikatika, au mashine iliganda kabisa, au mtu aliizima kwa kitufe. Yetu haigandi na hakuna anayeigusa. Basi macho yangu yako kwenye umeme na joto.

Jumapili, baada ya ibada

Nimefungua kasha. Anayekaa karibu na Ziwa Victoria ataelewa nilichokiona. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kutoka majini kama moshi, hasa siku za mwezi mchanga, hufuata taa hadi ndani. Feni huwavuta. Wanakauka, wanasagika, wanachanganyika na vumbi, na mwisho wanakuwa kitambaa kizito kati ya mapezi ya hitisinki, chuma kinachopooza prosesa. Hewa ilikuwa haipiti kabisa.

Nimesafisha kwa brashi laini ya rangi na kipulizio cha mkono. Feni niliishika kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa upepo mkali inaweza kuharibika. Kompresa ya kujazia matairi sikuitaka; mara nyingi hutema maji pamoja na hewa. Pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto kwenda kwenye hitisinki, ilikuwa imekauka kama chokaa, nikaifuta na kupaka mpya, kiasi kidogo tu katikati.

Joto la prosesa kazini limeshuka kutoka nyuzi 93 hadi 68. Nilifurahi sana kuona hivyo. Lakini saa mbili usiku, video ikiwa katikati, imejiwasha tena. Usafi ulihitajika, ila chanzo kiko kwingine. Na kusema kweli, prosesa ikipita kikomo cha joto mara nyingi huzima mashine ikabaki imezimika. Yetu inarudi yenyewe papo hapo.

Jumatatu

MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, imekimbia usiku kucha. Haikupata kosa hata moja, na kompyuta haikuzimika. Hilo la pili limenivutia kuliko la kwanza. Usiku wa manane umeme wa mtaani umetulia, na kupima RAM hakuibebeshi mashine mzigo kama wa video.

Nimepitia daftari. Karibu kila tukio liko kati ya jua kuzama na watu kulala, wakati kila nyumba mlimani hapa imewasha taa, pasi na friji. Taa zetu zinakuwa hafifu. Usambazaji wa umeme ni volti 230, ila jioni multimita, kipima umeme, ilisoma 198 kwenye soketi ya sebuleni.

Jumatano

Mama jirani mwenye steshenari ametuazima UPS, kifaa chenye betri kinacholinda kompyuta umeme ukiyumba. "Mwanangu, kesho asubuhi niwe nayo, wanafunzi wanakuja kuprinti," amesema. Nimemwahidi, na nimeirudisha kabla hajafungua.

Nia yangu ilikuwa kutenganisha mambo mawili. UPS ikiondoa tatizo, lawama kubwa ni ya umeme wa ukutani. Isipoliondoa, kasoro iko ndani ya kasha. Tumewasha video na programu ya kuipa prosesa mzigo kwa pamoja. Imezimika, UPS ikiwa inatoa umeme uliotulia. Ndani, basi.

Nikapima waya wa njano, ule wa volti 12, na mweusi kwenye plagi ya pembeni ya pawa saplai, kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani uwe wa kompyuta. Bila kazi: volti 11.8. Chini ya mzigo: 11.3, na inayumba. Kiwango cha ATX, kanuni ya pawa saplai za dekstopu, kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani 11.4 hadi 12.6. Pawa saplai ikishindwa kushikilia, hukata ishara inayoiambia madabodi, ubao mkuu wa kompyuta, kwamba umeme ni salama, na madabodi huanza upya. Ndiyo maana hakuna bluu, ndiyo maana ni sifuri.

Jioni zinaeleweka pia. Kapasita za ndani, vipande vinavyotunza chaji, zinatakiwa kubeba mashine kwa milisekunde kumi na kitu umeme unapoyumba. Zikichakaa hazina akiba, na mtikisiko ambao taa haziuonyeshi vizuri unatosha kuiangusha.

Sikuifungua pawa saplai na sitaifungua. Volti 230 zikigeuzwa kuwa mkondo mnyoofu hufika kama 325, na kapasita kubwa huweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa waya. Mwenye ujuzi wa kuzimaliza chaji afanye. Wengine tubadilishe kifaa kizima.

Ijumaa, mjini

Fundi alinipa kwanza pawa saplai mpya yenye maandishi makubwa ya wati 600, nyepesi mkononi. Nikasoma jedwali la pembeni: upande wa volti 12 ni ampea 18. Zidisha, unapata wati 216. Prosesa na kadi ya picha zinakula hasa upande huo, kwa hiyo 600 ya kwenye karatasi haitusaidii.

"Kaka, ninayo nyingine, imetumika lakini ni nzito," akasema. Ina wati 400 kwa jumla, ampea 30 kwenye volti 12, yaani wati 360. Tumeijaribu palepale kwenye mashine yake, tukaipima chini ya mzigo: 12.0. Nimeichukua, bei ikiwa chini ya ile nyepesi.

Wiki iliyofuata

Video ya Pasaka imetoka yote, jioni, taa zikiwa hafifu. Multimita imekaa 11.9 wakati wote. Mdogo wangu bado anahifadhi kazi kila dakika chache, na namwambia aendelee.

Nimeshona kipande cha chandarua kwenye matundu ya mbele ya kasha. Hewa inapita na joto limepanda nyuzi 2 tu. Taa ya mezani nimeihamishia upande wa pili wa chumba, mbali na mashine. Kilichobaki ni stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti za ukutani, kwa sababu volti 198 zitachosha pawa saplai hii pia. Pesa yake ikipatikana ndiyo nitakayonunua kabla ya kitu kingine. Mwezi mpya ukiandama nitafungua kasha nione chandarua kimekamata nini.