Sinema ya uwanjani Lamu, msimu wa kusi

Matamasha ya filamu ya katikati ya mwaka, kama lile la Nchi za Jahazi (ZIFF) lililoanza 1998 huko Unguja na kuwakusanya watu Ngome Kongwe, huja wakati kusi inavuma. Sisi wa Lamu tunaoyangojea kwa hamu hujionyeshea filamu mtaani kwanza. Na katika sinema ya nje, upepo na mwezi ndio wenye amri.

Usiku wa kuonyesha nauchagua kwa kalenda ya Kiislamu. Tangu tarehe 9 hadi 17 mbaramwezi huififisha picha, hata projekta iwe ya lumeni 3,000. Kuanzia tarehe 20 mwezi hutoka usiku mkubwa, filamu imeshakwisha. Naanza saa mbili na nusu, watu wameshaswali isha.

Skrini ni bafta, upana mita 3, kimo mita 1.7. Kwa kuwa mwanga huipenya, nyuma yake nashonea kaniki. Mshono wa kuunga vipande naulaza chini ya katikati; ukisimama wima, utazipasua nyuso za waigizaji filamu nzima.

Fremu ni boriti, nayo naiegemeza kwenye ukuta ulio kusini mwa uwanja ili ukuta uupokee upepo. Bila kinga hiyo una tanga, huna skrini. Pindo silifungi kwa kamba: kusi ikipiga, kamba haitoi, kitambaa ndicho kinachochanika. Nakata tyubu kuukuu ya baiskeli vipande vyembamba, nafunga kimoja kila sentimita 20, vya chini vikiwa vimelegea kidogo. Vinanyumbuka, kisha vinarudi.

Spika nazo hukaa upande wa skrini, maana sauti hufuata upepo hadi kwa watazamaji. Jenereta naipeleka kaskazini, nyuma ya nyumba. Besi ikipiga kwa nguvu umeme hushuka na projekta huzimika ghafla, balbu ikiwa bado ya moto bila feni. Kwa hiyo projekta naichomeka kwenye UPS, yaani betri ya akiba, spika zisiiguse. Lenzi naipuliza kabla ya kuifuta. Chumvi ya pwani hukwaruza.

Filamu ya hadharani sharti iwe imeainishwa na KFCB, bodi ya uainishaji wa filamu Kenya, na ruhusa ya mwenye filamu naiomba kwa maandishi. Faili liwe MP4. Flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na projekta nyingi za bei nafuu hazisomi exFAT, mfumo unaokubali mafaili makubwa, kwa hiyo filamu ndefu naipunguza ukubwa mchana, nyumbani, kisha naicheza hadi dakika ya mwisho.