Mkanda Uliokwama Juu ya Mlango: Nilivyoutafuta Ugonjwa wa Mkanda wa Mota

Mkanda wa kiti cha dereva, ule unaojivaa wenyewe kwa kuvutwa na mota kwenye reli iliyo juu ya mlango, ulianza kwa kusitasita. Nikifunga mlango na kuwasha swichi, kitelezi kinachoubeba kilitoka mbele karibu na kioo, kikapanda, kikapita juu ya mlango, halafu kikapunguza mwendo kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani. Wiki chache baadaye kikawa kinakwama kabisa, kama shubiri moja kabla ya kufika kwenye nguzo iliyo nyuma ya bega langu. Taa nyekundu inabaki inawaka, kengele inalia, mota inanguruma kwa sauti nzito mpaka kisanduku kinachoiongoza kinaikatia umeme.

Gari nililiegesha siku hiyo hiyo. Kitelezi kikiwa katikati ya reli hakijashikwa na kitu chochote cha maana. Nguvu ya ajali hubebwa na kishikio cha chuma kilichofungwa kwenye nguzo, mwisho kabisa wa safari, na kitelezi hujifunga hapo tu. Nimeona watu wanaoufunga mkanda wa namna hii kwa waya katikati ya reli ili wasisumbuliwe na kengele. Gari likigonga, reli ile nyembamba ndiyo inayotarajiwa kumzuia mtu mzima, na haiwezi.

Kwa ambaye hajawahi kuketi kwenye gari la aina hii, gari langu ni la 1991 na lilitengenezwa kwa soko la Marekani. Mwaka 1984 wizara ya uchukuzi ya nchi hiyo, chini ya waziri Elizabeth Dole, iliamua kwamba magari mapya yawe na kinga inayowalinda watu wa mbele bila wao kufanya chochote: ama mfuko wa hewa, ama mkanda unaojivaa wenyewe. Kanuni ilianza na asilimia 10 ya magari ya modeli ya 1987, ikayafikia yote kwenye modeli ya 1990. Wazo la mkanda wa mota halikuwa jipya. Toyota Cressida ilikuwa nao tangu 1981. Mifuko miwili ya hewa ilipokuwa lazima kwa magari yote ya abiria, kuanzia modeli ya 1998, mikanda hii ikatoweka, na vipuri vyake vikaanza kutoweka nayo. Mota nzima siku hizi hutoka kwenye gari lililokwisha kung'olewa, nayo imezeeka sawa na ile unayotaka kuibadilisha.

Kwa hiyo fundi mmoja aliposikiliza mlio ule na kuniambia, “Mota imechoka hiyo kaka, tafuta nyingine,” sikukimbilia kutafuta. Nilitaka kwanza kujua kama kweli ni mota.

Nilianza kwa kuketi na kutazama. Mfumo wenyewe si mgumu. Kisanduku kinasubiri habari mbili: mlango umefungwa au uko wazi, na swichi ya gari imewashwa au imezimwa. Zote zikikubali, kinaipa mota umeme wa kurudi nyuma. Mlango ukifunguliwa, kinageuza chanya na hasi ili mota izunguke upande mwingine na kukipeleka kitelezi mbele. Kila mwisho wa reli una swichi ya kikomo inayosema “nimefika, kata.” Ile ya nyuma ndiyo pia inayozima taa nyekundu.

Upande wa abiria ulikuwa mzima, na huo ulikuwa msaada mkubwa kuliko kitabu chochote, kwa sababu nilikuwa na kitu cha kulinganisha nacho. Kitelezi cha abiria kilimaliza safari kwa sekunde 3. Cha dereva kilitumia 6 na hakikufika. Rilei za pande mbili, yaani swichi ndogo zinazoendeshwa kwa umeme, zinafanana, nikazibadilishana nafasi. Ugonjwa haukuhama, rilei zikawa zimetoka kwenye orodha.

Kisha nikafanya jambo dogo ambalo lilinifundisha mengi. Nilibandika utepe wa karatasi kando ya reli, na kila kitelezi kilipokwama nikaweka alama ya kalamu. Nilirudia mara kumi, asubuhi na mchana. Kama kingekuwa kinakwama pale pale, ningetafuta jino lililovunjika kwenye kebo inayozungushwa na mota ili kukisogeza kitelezi, reli iliyobonyea, au swichi ya kikomo inayokata mapema. Lakini alama zilisambaa kwa upana wa kiganja. Asubuhi kwenye baridi kilikwama mapema. Mchana kikasogea zaidi. Hapo nikajua sitafuti kitu kilichovunjika. Natafuta kitu kinachopungua: ama nguvu inayofika kwenye mota, ama wepesi wa kitelezi kupita.

Nilianza na wepesi, maana huo unapimwa kwa mkono. Nilitoa waya wa betri, nikabandua plastiki ya kufunika nguzo taratibu (klipu za umri huu hukatika kama biskuti), na chini ya nguzo nikaikuta mota. Kitelezi huwezi kukisukuma mota ikiwa imeungwa, kwa kuwa gia yake ya hesi haikubali kuzungushwa kutoka upande wa kebo. Nikafungua skrubu tatu, nikaitenganisha mota na kebo, nikakisukuma kitelezi kwa vidole.

Kilienda vizuri mpaka kwenye kona, pale reli inapoacha paa na kuanza kushuka kwenye nguzo. Hapo kikawa kizito, kama unaburuta kamba kwenye mchanga. Nilimulika tochi ndani. Grisi ya kiwandani ilikuwa imegeuka nta ya rangi ya kahawia, imeshika vumbi na nyuzi za kitambaa. Nilisafisha kwa vitambaa vilivyolowa kidogo, nikivivuta kwa waya laini tangu mwanzo hadi mwisho, mpaka kikatoka kitambaa cheupe. Nikapaka grisi ya silikoni, kidogo sana, kwani ikizidi huita vumbi upya na hudondokea mkanda wenyewe. Mota nayo, ikiwa nje, niliigusisha kwenye betri moja kwa moja. Ilizunguka kwa kasi na bila mkwaruzo, pande zote mbili.

Nikarudisha kila kitu. Kitelezi kikazipita alama zangu zote, kikaingia kwenye kona, kikakwama tena vidole viwili kabla ya kishikio.

Ni hapo ambapo wengi wangerudi kuilaumu mota, na nakiri kwamba wazo hilo lilinijia. Lakini nilikuwa nimeiona ikizunguka vizuri kwenye betri. Kama inaweza kule na haiwezi hapa, tofauti iko njiani.

Tayari nilikuwa nimepima njia hiyo siku ya kwanza. Nilichomoa soketi ya mota, nikaweka mita, nikasoma volti 12.4. Nikapima pia ukinzani wa waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, kutoka soketi hadi bodi: chini ya omu 1. Nikaandika kwenye daftari “umeme uko sawa” na kuendelea na mengine. Vipimo vyenyewe vilikuwa sahihi; maana niliyoipa ndiyo iliyokosea. Soketi ikiwa wazi hakuna mkondo unaopita, na bila mkondo hata waya ulioshikiliwa na uzi mmoja utakuonyesha volti zote. Na omu 0.8 inayoonekana kama si kitu, ukipitisha mkondo wa ampea 5 ndani yake, inameza volti 4. Mota ya volti 12 inabaki na 8 za kufanyia kazi. Kwenye reli iliyonyooka zinatosha. Kwenye kona hazitoshi.

Basi nikapima upya, safari hii mota ikiwa imeungwa na inafanya kazi. Nilichomeka sindano nyembamba nyuma ya soketi zikagusa chuma bila kuichomoa, nikamwomba mdogo wangu aketi kiti cha dereva, awe anafungua na kufunga mlango ninapomwambia. Kitelezi kilipokuwa kinarudi nyuma, betri yenyewe ilisoma 12.2. Kwenye mota: 7.7. Volti nne na nusu zilikuwa zimepotelea mahali fulani kwenye waya.

Kuzitafuta ni kazi ya kupendeza ukishaielewa. Unaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya chanya wa mota, huku mota inazunguka. Mita haionyeshi tena umeme uliopo, inaonyesha uliopotea kati ya sehemu hizo mbili. Nilipata 0.4, hasara ya kawaida kwa waya mrefu unaopita kwenye fyuzi, swichi na rilei. Nikahamia upande wa hasi: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya hasi wa mota. 4.1.

Kuanzia hapo ilikuwa ni kufuata waya na kusogeza ncha. Mahali waya unapotoka kwenye rilei kuelekea ethi: 3.9. Kwenye kichwa cha waya, pale kilipofungwa kwa bolti chini ya zulia pembeni mwa miguu ya dereva: 3.8. Kisha nikaisogeza ncha kwa upana wa kidole tu, kutoka kwenye kichwa cha waya hadi kwenye bati la gari kando yake, nikakwangua rangi kidogo ili iguse chuma. Mita ikaanguka hadi karibu na sifuri.

Niliganda kidogo nikiiangalia ile bolti. Kwa juu ilikuwa safi, inang'aa, na spana haikuisogeza hata kidogo. Ungeipita mara mia bila kuishuku. Nilipoifungua, chini ya kichwa cha waya kulikuwa na utando wa kutu ulioenea duara zima, na unga wake ukabaki kwenye kidole changu kama mdalasini. Zulia la chini yake lilikuwa na unyevu. Maji yalikuwa yanapenya kwenye raba iliyopasuka chini ya kioo cha mbele na kuteremka taratibu hadi hapo, bila shaka kwa miaka mingi.

Nilisugua bati kwa msasa mpaka likawa jeupe, nikasugua kichwa cha waya pande zote mbili, nikafunga kwa bolti mpya, na baada ya kukaza nikapaka grisi kwa juu ili kuzuia unyevu. Raba ya kioo nilibadilisha wiki iliyofuata; zulia lilikauka siku mbili.

Kipimo cha mwisho, mota ikifanya kazi: upande wa hasi 0.2, na kwenye mota 11.6. Kitelezi kilipanda, kikapita mlango, kikaingia kwenye kona bila kubadilisha sauti, kikajifunga kwenye kishikio. Tak. Taa nyekundu ikazimika. Sekunde 3.

Sikuridhika kwa mara moja. Niliufungua na kuufunga mlango mara ishirini nikihesabu, kisha nikaushika mkanda karibu na kitelezi nikauvuta kwa nguvu zangu zote, nikitazama kama kinacheza kwenye kishikio. Hakikucheza. Nikabonyeza kifungo cha dharura kinachouachia mkanda kutoka kwenye kitelezi, maana mota ikikata roho mtu akiwa ndani, hicho ndicho kinachomtoa. Kikaachia, nikaurudisha mpaka ukalia. Halafu nikafunga mkanda wa kiunoni kwa mkono. Huu hauna mota, na kwa sababu ule wa begani hujivaa wenyewe ni rahisi kudhani umeshafungwa kila kitu. Ukigongwa ukiwa umevaa wa begani peke yake, mwili huteleza chini yake. Kila anayepanda gari langu namkumbusha kabla sijawasha injini.

Jumamosi iliyofuata nilifunua zulia la upande wa abiria, upande ule mzima. Nilipima bolti yake mota ikiwa inazunguka: 0.9. Nikachukua msasa.