Siku moja maishani mwangu: mlinzi wa daraja la reli, Tennessee, Oktoba 1864

Siku hii naisimulia kwa kinywa cha mmoja wa askari weusi wa Jeshi la Muungano (jeshi la Kaskazini, lililopigana na majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa) waliolinda reli ya Nashville hadi Johnsonville, maili 78, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani.

Saa 11 alfajiri. Naamka gizani. Boma letu limejengwa kwa magogo mazito, tabaka mbili, paa limefunikwa udongo, na kila upande kuna matundu ya kutolea mtutu. Ndani kunanuka jasho na moshi, lakini silalamiki. Ukuta huu ndio unaowawezesha watu wachache kuwazuia mamia ya wapanda farasi hadi msaada ufike, mradi wasije na mizinga.

Saa 12 asubuhi. Tunatoka wanne kukagua njia. Watatu macho msituni, mimi macho chini. Kazi hii nimepewa kwa sababu reli hii tuliijenga kwa mikono yetu wenyewe, hadi ikafika mto Tennessee mwezi Mei mwaka huu. Adui mjanja hahitaji baruti. Anang'oa misumari michache, anairudisha ilivyokuwa, anaondoka, halafu treni linajimaliza lenyewe. Kwa hiyo mimi hutazama shingo ya msumari. Ulioguswa jana huwa na mkwaruzo unaong'aa, na ambao haujaguswa una kutu hadi chini.

Leo nimekuta miwili imesimama kiasi cha upana wa kidole. Nikapiga magoti, moyo ukinidunda. Kutu tupu. Taruma, yaani gogo linalobeba reli, lilikatwa likiwa bichi, sasa limekauka na kuuachia msumari. Nikaigongomea yote miwili, nikaigusa tena ndipo nikanyanyuka.

Saa 3. Kahawa, biskuti ngumu ya jeshi, nyama ya nguruwe ya chumvi. Kisha hadi adhuhuri ni kufyeka vichaka karibu na daraja na kuwalinda wakata kuni, maana injini hizi hula kuni.

Saa 8 mchana. Treni la shehena linapita kuelekea Nashville. Mizigo imeshushwa kwenye boti za mvuke kule Johnsonville, katika mto Tennessee, na mingine itaendelea hadi kwa Jenerali Sherman wa upande wetu, aliyeiteka Atlanta mwezi uliopita. Jeshi lake lina watu kama 100,000 na wanyama 35,000, na kutoka Louisville hadi huko ni reli moja tu, maili 473. Ikikatika, watu hao hawali.

Wapanda farasi wa Kusini wanalijua hilo. Wao hawakai mahali. Hukata waya wa telegrafu kwanza, wakachoma tangi la maji na daraja, na wakipata nafasi huwasha moto wa mataruma, wakaweka vyuma juu yake hadi vilainike, wakavikunja. Mafundi wetu wanaweza kutandika chuma kipya haraka. Daraja ndilo linalochukua siku nyingi, ndiyo maana tunalala darajani.

Saa 11 jioni. Habari mbaya zinazidi kutufikia. Tarehe 25 Septemba, Jenerali Nathan Bedford Forrest wa Kusini aliivunja kwa mizinga ngome iliyolinda daraja la reli la Sulphur Branch kule Alabama, wenzetu weusi wakiwa miongoni mwa walinzi. Waliobaki walijisalimisha, daraja likateketezwa. Forrest huyo kabla ya vita alikuwa mfanyabiashara wa watumwa Memphis. Mwezi Aprili, kwenye ngome yetu ya Fort Pillow, watu wake waliwaua askari weusi waliokwisha kutupa silaha.

Mzungu akitekwa ni mateka wa vita. Mimi nikitekwa, ama napigwa risasi ama narudishwa utumwani. Hadi Juni mwaka huu, Bunge lilipobadili sheria, tulihesabiwa dola 10 kwa mwezi, 3 zikikatwa kwa ajili ya mavazi, huku askari mzungu akipewa 13. Hatari yetu ilikuwa kubwa kuliko yake na mshahara mdogo. Jambo hilo halikuwa haki hata siku moja, na nitalisema popote nitakapoulizwa.

Saa 8 usiku. Zamu yangu, chini ya daraja. Naweka kiganja kwenye chuma. Baridi, kimya. Baada ya muda napata mtetemo mdogo, kisha mngurumo: treni la usiku. Mabehewa yanapita juu ya kichwa changu, cheche za kuni zikimwagika pande zote.

Likishavuka nachukua taa na ndoo, napita nguzo moja baada ya nyingine. Kwenye maungio ya boriti ya tatu nakuta kaa moja jekundu, limetulia kama yai kwenye kiota. Nalimwagia maji, nasubiri hadi moshi unaisha, kisha napeleka mkono kuhakikisha ubao umepoa.