Sindano 13 kwa mwaka

Mtoto akitoka kubadilishwa valvu, yaani mlango wa moyo, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Upanga, nyumbani hupikwa pilau na kesi hufungwa. Kumbe bado. Kama kilichoiharibu valvu ni homa ya rumatiki, ugonjwa huo huanzia kooni: vijidudu vya streptokokasi huingia, kinga ya mwili huchanganyikiwa na kuzishambulia valvu za moyo wake yenyewe. Valvu ya chuma haivizuii vijidudu kurudi, na kila vikirudi, valvu zilizobaki huweza kuumia. Kinga ni sindano ya penisilini ya benzathini.

Mtaani inaitwa sindano ya mwezi, na jina hilo linaponza wengi. Ni ya kila siku 28. Piga hesabu: kwa mwaka zinakuwa 13, si 12. Aliyeanza Jumatano, zote ziangukie Jumatano. Anayefuata tarehe hujikuta siku mbili tatu kila mwezi yuko wazi, maana wiki ya nne dawa imeshapungua mwilini. Wenye hatari kubwa ya homa kurudi huwekwa kila siku 21. Kipimo ni uniti 600,000 kwa mdogo, na milioni 1.2 akifikia kama kilo 30.

Watoto huikimbia kwa sababu inauma, na mara nyingi tatizo ni uchomaji. Unga wake ni mzito. Usipotikiswa vizuri hubaki madonge, sindano inaziba, anachomwa tena. Nesi mzoefu hutikisa mpaka ufanane na maziwa, akashika kichupa kiganjani kipate joto, akaacha spiriti ikauke. Hubonyeza pale kwa kidole gumba sekunde 10, ndipo anachoma na kusukuma taratibu, dakika 2 hadi 3. Mtoto awe amekula, amekunywa maji, na achomwe akiwa amejilaza. Mwenye valvu iliyobana sana au moyo uliochoka anaweza kuzimia hapo hapo; kwa huyo, daktari aulizwe kama vidonge vinamfaa zaidi.

Mambo huharibika kidato cha kwanza, bwenini. Kabla shule haijafunguliwa, tafuteni zahanati ya jirani na shule, mkaulize dawa ipo au iletwe kutoka nyumbani, na matroni apewe kalenda yenye Jumatano zote za sindano zimezungushiwa wino. Aliyeharibika valvu sana huendelea mpaka miaka 40, wengine maisha yote. Kijana wa miaka 19 anayejiona mzima na anacheza mpira atakubishia hapo, tena kwa hoja.

Mwenye valvu ya chuma ana warfarini pia, dawa ya kuzuia damu kuganda. Matembele na kisamvu ruksa, ila kiasi kisipande na kushuka, maana INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, itayumba. Diklofenaki ya duka la dawa asiiguse. Binti aambiwe mapema, kabla hajaolewa: warfarini hudhuru mimba, hasa wiki ya 6 hadi ya 12, kwa hiyo kliniki ya moyo huenda kwanza, mimba baadaye. Na asiiache mwenyewe kimyakimya. Damu huganda kwenye valvu.