Kusafisha dohani Ulaya: mafunzo, cheti na yanayowakwamisha wanaoanza

Mtajie dohani mtu wa Unguja au Pemba, kwanza ataiona meli bandarini Malindi. Majumbani kwetu moshi wa kuni hujitafutia njia wenyewe, ukapenya makutini au dirishani, na masizi yakabaki darini. Nyumba za Ulaya zimezibwa kwa ajili ya baridi. Moshi una njia moja tu, nayo ni dohani, bomba la kuutoa juu ya paa, na ikiziba, gesi ya kaboni monoksidi hurudi chumbani. Haina rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Basi vijana wanaouliza kama kweli mtu husomea kufagia masizi, jibu ni ndiyo, tena husomea hasa.

Uanzie wapi, inategemea uko wapi sasa. Aliyeko Chake Chake bila ya karatasi zozote za Ulaya aitazame Ujerumani. Huko mafunzo ni miaka 3, baina ya kazini kwa fundi na skuli ya ufundi, na unalipwa tangu mwanzo. Mkataba wa mwajiri hutangulia viza, na Kijerumani kinachotakiwa kwa kawaida ni daraja la B1, yaani la kati. Wengi huogopa paa, kumbe mlima ni lugha: kila siku unaingia nyumba za watu na kumueleza mwenyewe jiko lake lina kasoro gani. Hesabu na fizikia zisikupite pia, maana fundi wa huko hupima hata moshi wa mitambo ya gesi ya kupashia nyumba joto. Kila wilaya ina fundi aliyepewa mamlaka, naye hukagua majiko yote mara 2 katika miaka 7. Tangu 2013 kazi nyingi za kawaida mwenye nyumba anaweza kumpa fundi mwengine aliyesajiliwa.

Uingereza ni mambo mengine. Sheria haidai cheti. Yeyote anaweza kununua brashi akajiita fundi. Lakini kampuni nyingi za bima hutaka karatasi ya fundi anayetambulika, kwa hiyo asiye na cheti hubakia na wateja wanaokimbia gharama. Vyama vya mafundi kama Guild of Master Chimney Sweeps na NACS (National Association of Chimney Sweeps) huendesha kozi za siku chache, si miezi, kisha mkaguzi hukutazama ukiwa kazini. Kwa aliyekwisha kuwa huko na ruhusa ya kazi, njia hii ni fupi. Bajeti yake tu isiishie kwenye ada: kuna bima ya madhara kwa mteja, gari, na mashine ya kufyonza vumbi yenye chujio la HEPA, linalonasa hata vumbi laini kabisa. Mashine ya kawaida ya nyumbani huyapuliza masizi laini upande wa pili, na zulia la mteja likaharibika.

Kwenye mtihani, kufagia kwenyewe ndiko rahisi. Unatandika shuka, unatoa bamba la kugeuza moshi lililo juu ya moto (la vamikulaiti, aina ya madini mepesi, huvunjika kama biskuti, litoe kwa mikono miwili), unaziba mdomo wa jiko kwa kitambaa chenye tundu, kisha unapandisha brashi pana kidogo kuliko dohani, ukiunganisha fimbo moja baada ya moja. Fimbo za skrubu huzungushwa upande wa mshale wa saa tu. Ukizungusha kinyume zinafunguka humo ndani na brashi inabaki juu. Kosa hili huwapata wanafunzi wengi, na ndiyo sababu ya fimbo za siku hizi kuwa na kitufe cha kujibana. Dohani yenye bomba la chuma ndani yake hutaka brashi ya nailoni, kwani nyuzi za chuma huikwaruza. Halafu toka nje uone kwa macho yako brashi imechomoza juu. Usikisie.

Anayefeli hufeli kwenye mvuto wa hewa. Moshi hupanda kwa sababu una joto kuliko hewa ya nje. Dohani ikiwa baridi husukuma chini. Kwa hiyo kabla ya kuwasha kidonge cha moshi cha kupimia, pasha dohani joto kwanza, funga milango na madirisha, kisha washa feni ya jikoni, maana feni hiyo inaweza kuurudisha moshi chumbani, na hilo ndilo unalolipima. Panda na vyumba vya juu hadi darini: moshi ukichungulia huko, ukuta wa dohani umepasuka, na jiko haliwashwi.

Jengine ni kuni. Zikizidi unyevu wa asilimia 20, au mtu akizifungia hewa usiku kucha ziwake polepole, moshi hupoa njiani na kuganda. Mwanzo ni unga, kisha magamba, mwisho hung'aa kama lami na brashi huteleza juu yake. Lami hiyo ikishika moto, joto huweza kupita nyuzi 1,000. Ndiyo maana dohani ya kuni husafishwa hata kila miezi mitatu msimu wa kuwasha, ya makaa ya mawe ya kawaida mara 2 kwa mwaka, na ya makaa yasiyotoa moshi angalau mara 1.

Kuna na ndege. Jackdaw, binamu wa kunguru wetu wa Forodhani, hudondosha vijiti ndani ya dohani mpaka kiota kikashika. Huko Uingereza kiota kinachotumika kinalindwa na sheria ya 1981, hivyo kazi husubiri makinda yaruke.

Barakoa ya FFP3, ya kuzuia vumbi laini, haivuliwi mpaka shuka la mwisho likunjwe. Mwaka 1775 tabibu Percivall Pott wa London aliyahusisha masizi na saratani ya ngozi ya korodani kwa wafagia dohani, ambao walianza kazi hii wakiwa watoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na mwili uoshwe siku hiyo hiyo.