Ninavyoiendesha hela ya ruzuku ndani ya sanduku la hisa

Nikimsikia tena mtu anasema walengwa wa TASAF, mfuko wa serikali unaozipa ruzuku kaya maskini, wamelemazwa na hela za bure, nitamkabidhi daftari letu alisome usiku kucha. Mimi ndiye naandika hesabu za kikundi cha hisa hapa kijijini kwetu, Singida, na sehemu kubwa ya wanachama wanatoka kaya zinazopokea ruzuku. Marejesho yao hayanipi presha. Presha naipata kwa wenye maduka, ambao kila wiki mzigo wao "uko njiani".

Na hiyo "bure" yenyewe tuitazame vizuri. Mpango wa kunusuru kaya maskini ulianza 2012. Malipo yamepangwa kila baada ya miezi miwili, na sehemu ya ruzuku inategemea mtoto kuhudhuria shule na mdogo kupelekwa kliniki. Mwenye nguvu hupangiwa ajira za muda, kama kuchimba lambo au kutengeneza barabara. Siku ambazo ajira hizo hazipo, watu walewale wako kwenye mashamba ya wenzao wanalima kwa ngwe, yaani kipande cha shamba kwa malipo. Wahubiri wa bidii wanaokuja huku sijamwona hata mmoja akimaliza ngwe.

Tatizo lilikuwa kanuni zetu, zilizotungwa kana kwamba kila mtu anashika hela kila wiki. Hisa ni 1,000, na kila hisa inagongewa mhuri mmoja kwenye kitabu cha mwanachama. Kwa mkutano mmoja unanunua hisa moja hadi tano, na usiponunua kabisa unalipa faini 500. Muuza mboga hizo zinamfaa. Mwenye kupokea ruzuku ananunua tano wiki ya malipo, kisha wiki saba zinazofuata anakatwa faini, na akishaona faini zinakula hisa zake anaacha kuja. Wenzake wanasema umeona, hawa hawajui kuweka akiba.

Wapo waliopendekeza walengwa waruhusiwe kununua hisa zote siku ya malipo. Hapana. Mkopo kwetu ni hadi mara tatu ya hisa zako. Ukimgongea mtu mihuri kumi na sita kwa mkupuo, umempa haki ya kukopa 48,000 siku hiyohiyo kabla hujaona hata kama anahudhuria. Halafu sanduku linafurika wiki moja na kukauka wiki saba, na mwenye mgonjwa anakimbilia kausha damu, mikopo ya riba kali, mjini.

Dawa yake ni vifuko vya kitambaa. Kila anayetaka anashona kifuko chake, kina namba ya uanachama kwa wino usiofutika. Siku ya malipo anaweka humo kiasi anachotaka, wahesabu pesa wawili wanakihesabu kwenye beseni mbele ya wote, kinafungwa na kulala sandukuni. Kila mkutano inatolewa hela ya hisa kutoka humo na mhuri unagongwa kitabuni wiki hiyo tu. Hela ya kifuko haikopeshwi, hata mwenyekiti akisimama na machozi. Mwishoni mwa mkutano tunatamka salio tatu kwa sauti: la mikopo, la mfuko wa jamii (wa kusaidiana penye shida), na la vifuko. Watoto wanaocheza nje wanazijua, na wiki ijayo akitokea mjanja wa kubadili namba, hata wao watamsuta.

Malipo huweza kuchelewa, kwa hiyo usigawe kwa wiki nane. Mwenye 16,000 namwambia ahesabu wiki kumi na mbili, hisa moja moja, na 4,000 iliyobaki ibaki kifukoni kwa ajili ya daftari la mtoto au nauli ya hospitali. Kuitoa ni mkutanoni tu, si nyumbani kwa mtunza fedha saa mbili usiku. Funguo tatu ziko kwa watu watatu wasio wa ukoo mmoja, na anayelala na sanduku hana ufunguo.

Sasa nije kwa mtaalamu. Alipita mwezeshaji mmoja, suti safi, akatuambia tunafikiri kimaskini: tupandishe hisa iwe 5,000 "ili watu wajitume", na mkopo apewe mtu mwenye mradi wa kuku wa nyama tu. Singida! Mahali ambapo kuku wa kienyeji wanapakiwa kwenye matenga hadi Dar es Salaam, sisi tufundishwe kuku wa nyama. Akina mama wachache walishawishika, wakaungana wakaleta vifaranga mia. Kuku wa nyama hadi wiki ya sita anakula kama kilo nne za chakula, kwa hiyo kuku mia ni mifuko minane ya kilo hamsini, na mifuko haitoki kijijini, inatoka mjini kwa bodaboda. Wiki ya sita mnunuzi akasema gari limeharibika. Ubaya wa kuku huyo ni kwamba hasubiri. Kwa umri huo mia moja wanamaliza karibu kilo kumi na nane kwa siku, yaani mfuko hauvuki siku ya tatu, na uzito unaoongezeka mnunuzi haulipii kwa sababu ananunua kwa kichwa. Mnunuzi alipofika alipanga bei mwenyewe, maana alijua hamna pa kuwapeleka. Mwezeshaji alipopigiwa simu alisema kilichokosekana ni moyo wa kujituma.

Mkopo wa kuku wa kienyeji ninaoupitisha bila maswali mengi ni huu: matetea wanne na jogoo mmoja, marejesho miezi mitatu, riba asilimia tano kwa mwezi, na sharti la chanjo ya kideri, ugonjwa unaofyeka kuku. Tone moja jichoni, kurudia kila miezi mitatu, na ichanjwe kabla ugonjwa haujaingia kijijini. Kuku aliyekwisha kuanza kusinzia chanjo haimponyi. Watu wachanje siku moja, wachangie kichupa, kwa sababu kikishafunguliwa hakitunziki.

Jambo jingine ni bati. Wapo wanaoogopa kwamba ukiezeka bati utahesabiwa umeshapanda na kutolewa kwenye mpango, basi wanaficha hata kitanda. Siwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Anayeona ngazi ikiondolewa kila akipanda hatua moja atapanda usiku. Ninachofanya ni kuhakikisha vitabu vya wanachama havitoki sandukuni ili akiba ya mtu isichunguzwe nje, jambo ambalo linazuia pia mihuri ya kugongewa nyumbani.

Kuvunja sanduku, yaani kugawana fedha zote, ni Novemba, si Desemba. Mvua ziko karibu, mbegu za alizeti na mahindi zinatakiwa, na Krismasi haijafika kula hela. Mkopo wa mwisho unatoka Julai ili kufikia Oktoba kila deni liwe limeingia. Hesabu yenyewe: jumla ya fedha gawanya kwa jumla ya mihuri. Tuseme ziko 3,273,600 kwa mihuri 2,640, basi kila hisa imekuwa 1,240, na mwenye hisa 110 anaondoka na 136,400. Isipogawanyika sawasawa, shusha hadi shilingi kumi za chini, usipandishe, la sivyo wa mwisho kwenye foleni atakuta beseni tupu. Chenji inayobaki inanunua wino wa mhuri.