Siku moja maishani mwangu: mimi ndiye yule wa kubandika waya kifuani

Saa 11 alfajiri niko steji Kayole, saa 1 niko kazini mjini nawasha mashine ya ECG, ile ya kuchora umeme wa moyo kwa karatasi. Watu wanadhani kazi yangu ni kubonyeza kitufe. Waya ziko kumi, sita za kifuani nne za mikono na miguu, na ile ya kwanza ya kifua nahesabu mbavu kwa kidole mpaka nafasi ya nne, nikikosea hapo moyo ulio sawa unaweza kuonekana una shida.

Hadi saa 4 nimepima watu tisa, wengi wa presha.

Halafu akaingia mzee mmoja wa miaka 40 na kitu, daktari ameandika moyo unaenda mbio tangu augue korona. Amekasirikia foleni, shati hatoi, ati "sista si upime tu juu ya nguo?" Nikamweleza pole pole akatoa. Kifua kimejaa nywele, stika hazishiki, nikaomba ninyoe sehemu sita ndogo tu, akakataa katakata. Nikajaribu hivyo hivyo, mstari ukatoka unatetemeka kama mwandiko wa mtu ameandikia ndani ya matatu. Simu ikalia, akapokea akiwa amelala na waya zote mwilini! Karatasi ya pili nayo nikatupa, na huko nje mlango unagongwa.

"Korona iliisha kitambo, na mimi hata sikulazwa, ilikuwa homa ya wiki moja."

Hapo nikaacha waya nikaketi. Nikamwambia hicho kirusi hakiishii mapafuni, kinaumiza ukuta wa ndani wa mishipa, damu inaganda kwa urahisi, wengine misuli ya moyo inavimba. Kule Marekani walifuatilia wanajeshi wa zamani zaidi ya 150,000 waliougua, matokeo yakatoka 2022, mwaka mzima baadaye shida za moyo zilikuwa nyingi kwao kuliko kwa wasiougua, hata wale ambao hawakulazwa. Akanyamaza. Halafu kwa sauti ya chini akasema ngazi za kwake siku hizi anapumzika mara mbili, na mke wake hajui.

Akakubali wembe.

Amelala, moyo unapiga mara 78 kwa dakika. Daktari alitaka pia asimame dakika 10. Dakika ya pili 104, ya tano 116, jasho kwa paji la uso, ameshika ukingo wa kitanda. Moyo kupanda 30 na zaidi kwa kusimama tu, hiyo daktari lazima aione.

"Kwa hivyo sio mawazo tu, vile wananiambia?"

"Iko hapa kwa karatasi, mzee wangu. Sababu yake daktari ndiye atakueleza."

Baada ya hapo saa sijui zilienda wapi, stima zikapotea zikarudi, chakula ni chai na mandazi nimesimama, mgongo unauma, jeli imekauka kwa mikono ya koti. Nikitoka nikampita kwa benchi la koridoni, yuko kwa ile simu iliyonichosha asubuhi, anamwambia mke wake, "Sikutaka kukusumbua, lakini niko hospitali."